Wajukuu wangu mayatima hawatanirithi: niandike wasia gani?

Mwalimu wa Wete

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli, nina umri wa miaka 63, na naishi Wete, Pemba, pamoja na mke wangu. Mwenyezi Mungu alitujaalia watoto sita, wanaume watatu na wanawake watatu, lakini mtoto wetu mkubwa wa kiume alifariki mwaka juzi na kuacha watoto wawili wadogo, ambao tunakaa nao hapa nyumbani pamoja na mama yao. Juzi, baada ya sala ya Ijumaa, sheikh wa msikiti wetu alinieleza jambo ambalo limeninyima usingizi: kwamba nikifa leo, wajukuu hawa hawatapata kitu katika mirathi yangu, kwa kuwa ami zao wako hai.

Nilicho nacho ni nyumba tunayoishi, mlango mmoja wa duka niliokodisha, fedha kidogo benki, na shamba la mikarafuu ambalo sehemu nimelinunua na sehemu ni urithi wa baba yangu, ambao mimi na ndugu zangu hatujagawana hadi leo. Wanangu wanapendana, nami sitaki kuwaachia ugomvi. Je, nimwandikie mke wangu nyumba? Wajukuu niwawekee nini, na karatasi yenyewe niiandike vipi ili isije ikakataliwa?

Karani Mstaafu, Unguja

Waaleykum salaam, Mwalimu. Sheikh wako amesema kweli, lakini mlango haukufungwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu visiwani, mjukuu harithi iwapo marehemu ameacha mtoto wa kiume aliye hai. Na kwa kuwa si mrithi, ndiyo maana inafaa kumuusia. Mrithi hausiwi, ila warithi wenzake wakiridhia, na asiyekuwa mrithi huusiwa kwa kiasi kisichozidi theluthi ya mali. Saad bin Abi Waqqas alipokuwa mgonjwa alitaka kuusia zaidi ya hapo, na Mtume (S.A.W.) akamwambia theluthi, na theluthi ni nyingi.

Nakupigia hesabu ili uone kwa macho. Tuchukulie kwamba mali yako yote ina thamani ya shilingi milioni 100, na gharama za mazishi pamoja na madeni ni milioni 4. Zinabaki milioni 96. Ukiwausia wajukuu theluthi kamili, watapata milioni 32, na milioni 64 zitakazobaki ndizo zitakazorithiwa: mke wako thumuni (moja ya nane), yaani milioni 8, kisha milioni 56 zitagawanywa mafungu saba, kila mwana wa kiume mafungu mawili na kila binti fungu moja. Kwa hiyo kila kijana atapata milioni 16 na kila binti milioni 8. Ukiona theluthi itawabana mno mabinti zako, punguza. Robo au sudusi (moja ya sita) pia ni wasia. Mama wa wajukuu naye si mrithi wako, na unaweza kumtia ndani ya theluthi hiyo hiyo.

Kuhusu mke wako, usimwandikie nyumba katika wasia, kwa sababu yeye ni mrithi na wasia huo utasimama kwa hiari ya wanao tu. Badala yake, jiulize kwanza kama ulimmalizia mahari yake. Kama bado, hilo ni deni kama deni lolote, litalipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi, na thumuni yake itabaki pale pale. Nimewaona wajane wengi wakiona haya kulitaja deni hilo matangani, na wanaume wachache mno walioliandika wakiwa hai. Naomba uwe miongoni mwa wachache hao.

Wasia uandike ukiwa na afya, uwataje wajukuu kwa majina kamili kama yalivyo katika vyeti vyao vya kuzaliwa, umteue wasii, yaani msimamizi wa wasia, unayemwamini, na uweke saini mbele ya mashahidi wawili waadilifu wasiokuwamo katika wasia wenyewe. Nenda pia ofisi ya Pemba ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo chini ya sheria yake ya mwaka 2007 inashughulikia mirathi ya Waislamu pamoja na wakfu.

Binti Mkoani

Mwalimu wangu, naongeza moja kwa uchungu. Marehemu baba yangu alitamka mbele ya watu kwamba duka lake ni hiba, yaani zawadi, kwa dada yetu mlemavu, na sote tulisikia. Hata hivyo, kodi aliendelea kuipokea mwenyewe, ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwake, na hati haikubadilishwa mpaka alipofariki. Ndugu zetu wa mama mwingine walisema kwamba hiba isiyokabidhiwa haikutimia, na kwa sheria walikuwa na haki. Duka liliingia katika mirathi, na dada akapata fungu la binti tu. Sikuwachukia ndugu zangu. Kilichonisikitisha ni kwamba baba alikuwa na miaka mizima ya kulikabidhi na sisi hatukumkumbusha.

Mwalimu wa Wete

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako, binti yangu. Nami nilikuwa nafikiria kuwapa wajukuu ule mlango wa duka sasa hivi. Wao ni wadogo, nitawakabidhi vipi?

Karani Mstaafu, Unguja

Baba yao akiwa hayupo, wewe babu yao ndiye walii, yaani msimamizi, wa mali yao, kwa hiyo unaweza kutoa hiba na kuipokea kwa niaba yao. Lakini iandikwe, mpangaji ajulishwe kwamba kodi ni ya mayatima, na fedha ziwekwe mbali na zako. Usingojee kitandani: hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia na hurudishwa ndani ya theluthi.

Mwana wa Konde

Shamba ndilo litakalowatesa wanao, Mwalimu, kuliko nyumba na duka. Huwezi kuusia sehemu ya ndugu zako, na maadamu mirathi ya babako haijagawanywa, hakuna anayejua chako kinaishia wapi. Tena huku kwetu mikarafuu inaweza kuwa ya mtu huyu na ardhi ya mwingine, basi orodhesha miti mbali na ardhi mbali. Kama kuna eka iliyotolewa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, kaulize masharti yake katika ofisi ya ardhi kabla ya kuitia katika wasia.

Mwalimu wa Wete

Nimewaandikia ndugu zangu, pamoja na dada aliyeko Tanga, kwamba tukutane hapa Wete kabla ya msimu wa kuchuma karafuu tuigawe mirathi ya mzee mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu. Wasia wa wajukuu sitaungojea mkutano huo, mashahidi nimeshawapata. Na mahari ya mke wangu, ambayo nusu yake sikuwahi kuitoa tangu tulipooana, nimemlipa jana jioni.