Fremu za baga Dar es Salaam: mnatuuzia nini hasa ndani ya huo mkate?

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha, na leo naandika nikiwa na hasira, ingawa nitajitahidi kuchunga lugha. Kati ya Sinza na Kijitonyama hakuna mtaa ambao haujapata fremu mpya yenye taa za rangi, bango la baga iliyonona na jibini linalochuruzika pembeni, pamoja na kijana mlangoni anayeapa kwamba ya kwao haina mfano. Unaagiza, unafungiwa kwenye boksi, unalipa shilingi 12,000, na ukifika nyumbani unakuta kitu kisichohusiana na bango wala na nyama ya ng'ombe.

Ya juzi ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu. Fremu yenyewe sitaitaja, kwa sababu nikiitaja mjadala utahamia kwa mwenye fremu na kuliacha tatizo palepale. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri nisikie nyama ikilia kwenye chuma cha moto. Nilichosikia ni mlio wa maikrowevu. Ndani ya mkate kulikuwa na kitonge cha kijivu kilichojaa chembe za mkate mwingine, vitunguu, tangawizi na giligilani, ambacho kwa harufu yake kilikuwa kimekwisha kuogelea kwenye karai la chipsi kabla ya kuwekwa akiba. Hiyo ni kababu, wakuu, tena kababu ya jana. Kababu naiheshimu, na yupo mama jirani yetu anayeikaanga vizuri kila jioni na kuiuza kwa bei ya kababu. Ninachokataa ni kababu iliyopandishwa bei kwa kuvalishwa jani la saladi.

Nilipolalamika, mhudumu alinijibu kwamba nyama ya Kitanzania haifai kwa baga. Jibu hilo ndilo lililonikera kuliko chakula chenyewe, kwa kuwa ukweli uko kinyume kabisa. Ng'ombe wetu wengi ni zebu wa asili wanaotembea mbali kutafuta malisho, na nyama inayotoka machinjioni Vingunguti alfajiri huuzwa buchani siku hiyohiyo bila kuning'inizwa baridini ilainike. Nyama ya namna hiyo huwa ngumu na yenye mafuta kidogo. Ugumu unakwisha ukiisaga, na mafuta unayaongeza mwenyewe: wapishi wengi wa baga huenda kwenye asilimia 20 hivi ya mafuta kwa 80 ya nyama, na mafuta hayo yamejaa kwenye nundu na kidari, sehemu ambazo mwenye bucha atakukatia bila maneno mengi. Muuza mishkaki wa kona yoyote analijua hili, ndiyo maana hupachika kipande cha mafuta katikati ya minofu. Mwenye fremu ya baga amelisahau vipi?

Baada ya kusagwa, kazi iliyobaki haihitaji chuo. Usiikande nyama kama unga, usiichanganye na chumvi mapema, kwa sababu chumvi ikikaa ndani ya nyama iliyosagwa huifanya ishikane na kuvutika mithili ya soseji. Inyunyize juu wakati nyama inaingia kwenye chuma. Chuma kiwe cha moto kweli, ili uso wa nyama ugeuke kahawia na kushika ukoko, kwani ladha tunayoifuata iko kwenye ukoko huo, na hakuna ukoko unaopatikana ndani ya maikrowevu.

Najua wapo watakaosema kwamba kupika mapema na kupasha ni kwa ajili ya usalama wetu. Hofu ya nyama ya kusaga ina msingi: ikisagwa, vijidudu vilivyokuwa juu huingia ndani, na kati ya mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993 huko Marekani watoto wanne walifariki kwa bakteria wa E. coli waliotokana na baga zisizoiva. Lakini mamlaka za Marekani zinashauri nyama hiyo ifike nyuzi joto 71 za Selsiasi ndani yake, na kitonge chembamba kwenye chuma cha moto hufika hapo ndani ya dakika chache, mbele ya macho yako. Anayepika asubuhi, akaacha mezani, kisha akapasha usiku anaongeza hatari hiyohiyo anayodai kuikimbia.

White Castle, wenye migahawa ya baga, walipoanza mwaka 1921 kule Wichita, Kansas, Wamarekani waliitilia shaka sana nyama ya kusaga, nao wakajenga jiko la wazi ili kila mteja aone kinachofanyika. Sisi tumejenga ukuta, tukabandika bango juu yake.

Mkate nao ni skonzi tamu isiyogusishwa moto, iliyolowa mayonezi hadi ikasambaratika. Kuhusu boksi nitasema moja tu: mkifungia baga pamoja na chipsi za moto bila tundu la kutolea mvuke, hata iliyopikwa vizuri itafika nyumbani imeloa.

Wala msiniambie habari za gharama. Gramu 150 ni kitonge cha heshima, na kilo moja inatoa baga sita kwa kiasi hicho, tena nyama inabaki. Kodi ya fremu, gesi na umeme navijua, lakini kwa shilingi 12,000 kwa kila baga nastahili nyama.

Kwa hiyo naomba msaada. Mwenye kufahamu mahali, iwe Tabata, Ubungo, Mbagala au kokote, ambapo nyama husagwa siku hiyohiyo na kukaangwa baada ya mteja kuagiza, aweke mtaa na bei, nitapanda hata daladala mbili. Picha za mabango sizihitaji. Na wenye fremu mnaosoma hapa, kabla hamjaanza kujitangaza, jibuni kwanza: nyama yenu inasagwa saa ngapi, na chuma chenu kiko wapi?