Naomba ushauri: kima wa City Park ana waya mkononi

Wadau habari zenu, naombeni ushauri tafadhali. Mimi huwa napeleka watoto City Park pale Parklands, Nairobi, karibu kila Jumapili, tunapita upande wa kaburi la Joseph Murumbi, yule makamu wa rais wa zamani, halafu tunakaa chini ya miti kuwatazama kima wakiruka, wale wenye shingo nyeupe. Sasa wiki mbili hizi kuna mmoja jike, ana mtoto amemshika tumboni, mkono wa kushoto umezungukwa na waya na umevimba vibaya, hawezi hata kupanda vizuri na wenzake wanamnyang'anya njugu. Binti yangu alilia njia nzima mpaka nyumbani.

Nimewauliza wapiga picha wa pale wakaniambia atapona tu, lakini mimi naona ule waya unazidi kuingia ndani. Kumshika mwenyewe siwezi, kima anauma, na kuna kichaa cha mbwa pia. Je nipigie KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) moja kwa moja ama kuna daktari wa wanyama anayekuja bustanini? Na mkishapiga huwa wanachukua muda gani kufika? Picha ninazo za jana.