Mteja anataka slaidi zote 94 ziingie kwenye mafunzo, nyie mlivukaje hapa?

Mwl_Tabata
Wakuu habari za jioni. Nilikua mwalimu wa sekondari, mwezi wa nne nimemaliza kozi ya usanifu wa mafunzo kwa njia ya mtandao, na Mungu kasaidia nimepata mteja wa kwanza, kampuni inasambaza gesi ya kupikia hapa Dar. Wanataka mafunzo ya kwenye simu kwa mawakala wao wa Mbagala, Buza na Gongo la Mboto. Wamenipa slaidi 94 za injinia wao wakasema zote ziingie, mwishoni kwizi. Lalamiko lao ni kwamba mawakala hawapimi uzito wa mtungi mbele ya mteja na hawakagui kama unavuja, sasa mimi naangalia slaidi 40 za mwanzo ni historia ya kampuni na kemia ya propani na butani! Nikipunguza injinia anarudisha, meneja mauzo nae ana yake, bosi nae juzi kaja na yake, saivi niko marekebisho ya saba na nilicholipwa ni advansi tu. Darasani tulifundishwa ADDIE, ile njia ya kuandaa mafunzo iliyotengenezwa chuo kikuu cha Florida State mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani, unachambua, unasanifu, unatengeneza, unatekeleza, unatathmini, nikajua ukimaliza moja unaenda nyingine. Huku kila wiki narudi mwanzo. Naombeni msaada jamani, nimechoka.

BiModuli
Pole sana mdogo wangu. Umeshaenda Mbagala ukakaa dukani kwa wakala hata mmoja? Maana naona umechambua slaidi, hujachambua kazi.
Mimi miaka ya nyuma nilipewa kazi na wenye maghala fulani, watunza stoo wanakosea kujaza tarehe ya bidhaa kuisha muda. Nikakaa wiki sita natengeneza moduli, ina picha, ina sauti, nikawa najivunia kweli. Siku ya kuwafundisha ndo naiona fomu yenyewe, imetolewa kopi ya kopi ya kopi mpaka ile safu ya tarehe haisomeki kabisa, dada mmoja akaniambia dada sisi tunajua kujaza ila tujaze wapi? Iliniuma sana yani, wiki sita na kumbe dawa ilikua kuprinti fomu upya. Tangu hapo sipokei hela ya mtu kabla sijaona mikono ya wanaofanya kazi. Nenda hata kwa nauli yako.

kaka_wa_Mwenge
Mkuu marekebisho mara mbili, ya tatu yanalipiwa, na jina la mtu MMOJA wa kusaini mwisho. Iandike kwenye mkataba. Hao watatu wakae wenyewe wakubaliane ndo wakuletee.

AfisaHR_Dar
Naongea kama mtu wa upande wa pili, mimi ndo huwa nawapa nyie kazi. Huyo injinia msimchukulie ana ubishi, anaogopa, mtungi ukishika moto kwa mteja ataulizwa yeye kwanini hamkufundisha, kwaiyo anajaza kila kitu ili awe salama. Usimwambie punguza. Muulize hivi, wakala akisahau vyote akabaki na vitu vitatu tu kichwani, ungetaka viwe vitu gani? Atavitaja, na zile zingine mtengenezee kijitabu cha rejea, hazijapotea. Na kuhusu kwizi, kwenye zile ngazi nne za Kirkpatrick za kupima kama mafunzo yamefaa, kwizi inakupa ya pili tu, kwamba mtu kajifunza. Anachotaka bosi wako ni ya tatu, mtu anafanya nini akiwa dukani, na hiyo haipimwi kwenye simu, inabidi mtu apite akaangalie.

Mwl_Tabata
Narudisha mrejesho. Jumamosi nimezunguka maduka sita, Mbagala matatu na Buza matatu. Mizani nimeikuta kwenye mawili, na moja haifanyi kazi. BiModuli ulisema kweli dada yangu, watapima na nini sasa? Hilo nimeliandika barua nikampelekea bosi, mizani ni ya kununua sio ya kufundishia.
Ila kwenye kuvuja ndo nimeogopa. Kaka mmoja nilimwomba anionyeshe anavyokagua, akawasha kiberiti akakisogeza kwenye vali, tena dukani kuna mitungi imepangwa mpaka mlangoni, na gesi hii ni nzito kuliko hewa ikivuja inakaa chini pale pale. Nilimshika mkono. Anasema kafundishwa hivyo na aliyemwachia duka. Hapo ndo nikajua kitu cha kufundisha ni kipi, povu la sabuni kwenye vali, ukiona mapovu yanakua mtungi unarudi.
Nimemuuliza injinia lile swali la vitu vitatu, na kiberiti nikamsimulia. Alinyamaza kidogo, kisha slaidi kazifunga mwenyewe. Tunafanya video ya dakika moja itembee WhatsApp, iwe nyepesi isimalize bando la mtu. Tunarekodi Alhamisi pale Buza, injinia ndo atakaeshika sponji.