Naunga mifupa ya mbuzi ya maabara, miguu ya mbele haina pa kushika. Kuna mfupa umepotea?

Tichauru (Moshi)
Wakuu habari za jioni. Nafundisha baiolojia sekondari huku Uru, maabara yetu ina chati moja tu ya mifupa ya binadamu na ishafifia mpaka mbavu hazihesabiki, nikaona isiwe tabu, kwenye mahafali tulichinja mbuzi nikawaomba wa jikoni wasigonge na shoka waniwekee mifupa yote, nimechemsha nimesafisha sasa hivi tunaunga na vijana wa kidato cha tatu. Uti wa mgongo umekaa, mguu wa nyuma umekaa, kile kichwa cha duara cha mfupa wa paja kimeingia kwenye kikombe cha nyonga safi kabisa. Shida mguu wa mbele. Bapa la bega kwa chini limepokea mfupa wa mkono vizuri tu, ila kwa juu halina kikombe wala kichwa, nimelizungusha kwenye mbavu halishiki popote. Binadamu pale ana mtulinga, ule mfupa wa kutoka bega hadi kifuani, huyu simuoni nao. Umebaki kwenye sufuria au? Halafu nina vifupa vingi ukubwa wa punje ya mahindi sijui vya wapi, na vijana wanabishana eti goti la nyuma la mbuzi linakunja kinyume. Msaada jamani.

bucha_kiboriloni
Mwalimu hakuna kilichopotea lala usingizi. Mkono wa mbuzi sisi tunautoa kwa kisu tu, unaunyanyua unapitisha kisu chini ya bapa unaondoka na mkono mzima hujagusa mfupa. Paja ndo lina kazi, lazima ukitafute kiungo chenyewe na mle ndani kuna kakamba kameshika kile kichwa, ukikakata tu paja linaachia.

DadaVet_AR
Huyo wa bucha kamaliza kila kitu, naongezea sababu tu. Mbuzi hana mtulinga kabisa, ng'ombe hana, kondoo hana, farasi hana. Paka anao ila ni kitu kidogo kinaelea tu kwenye nyama. Kwa hiyo mguu wa mbele haujaungana na kiwiliwili kwa mfupa, umeshikwa na misuli, kuna msuli mpana unatoka upande wa ndani wa bapa unashuka mpaka kwenye mbavu, kulia na kushoto, kifua kinaning'inia katikati kama mgonjwa kwenye machela. Na mbele ndo kwenye uzito zaidi ya nusu, maana kuna kichwa na shingo, hivyo mbuzi akiruka ukuta akatua, ile misuli ndo inapokea kishindo. Pia bapa likiwa huru linateleza mbele na nyuma, hatua inakuwa ndefu. Sisi tunatumia mikono kushika na kurusha vitu ndo maana mtulinga tunauhitaji.

Sasa kulipanga. Ule ukuta uliosimama kwenye bapa unatazama nje. Ukuta hauko katikati, upande mwembamba unakaa mbele, upande mpana nyuma, hapo hutachanganya kulia na kushoto. Kikombe kinatazama chini kwa mbele karibu na ubavu wa kwanza, na kingo ya juu ifike chini kidogo ya zile ncha za pingili za mgongo. Ukiona hiyo kingo ya juu imechakaa usishangae, pale palikuwa na gegedu imeondoka kwenye kuchemsha.

Vifupa vidogo usitupe! Vinakaa nyuma ya kiungo cha juu ya kwato, viwili kila kidole, na kingine kimoja ndani ya kwato yenyewe. Mbuzi anatembea kwa vidole viwili kila mguu so jumla ni 24. Kazi yake kano inayokunja kidole ipite juu yake bila kusagika.

ChaliiWaNgarenaro
Ticha mahafali mbuzi mzima na ndafu (yule mbuzi wa kuchomwa mzima) hamkufanya?? Uchagani hapo mmeniangusha 😂 By the way mshkaji wangu ana pingili ya shingo ya twiga aliokota porini, kubwa balaa, nimwambie akutupie ukae nayo maabara?

guide_mstaafu
Chalii acha kumtafutia mwalimu kesi. Mfupa wa mnyamapori ni nyara ya serikali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 imetaja mifupa, pembe, meno, kwato, hata kama umeokota tu. Bila kibali unafungwa, na kwa twiga ndo usiseme. Huyo mshkaji wako naye aachane nao.
Mwalimu wala huhitaji, hesabu pingili za shingo ya mbuzi wako utapata 7, twiga naye 7, wewe 7, ya twiga moja tu inaweza kuzidi sentimita 25 ndo tofauti. Wageni kwenye gari walikuwa hawaamini kabisa.
Na hilo la goti waambie vijana wapande juu. Goti la kweli la nyuma liko karibu na tumbo, lina kile kifupa cha pia ya goti, linakunja mbele kama lao. Wanachoita goti ni kisigino kimenyanyuka, na la mbele wanaloita goti ni kifundo cha mkono, kiwiko kiko juu huko usawa wa kifua.

bucha_kiboriloni
Kisigino kweli, ndo ile kano tunayotundikia mbuzi kwenye ndoano.

Tichauru
Asanteni sana aisee, dada Vet ubarikiwe. Nimehesabu, shingo 7, mbavu jozi 13. Vifupa vidogo nina 19, sufuria tutaipekua tena. Mifupa mirefu mingine ncha zimechomoka, nimeikaanga na moto au?

DadaVet_AR
Hapana, mbuzi wenu alikuwa hajamaliza kukua. Kwa wadogo ncha imeshikana na mfupa kwa gegedu na ndo sehemu mfupa unapoongezekea urefu, ukichemsha inaachia. Gundisha tu, kila ncha ina shina lake moja linalolingana nalo. Ile mifupa mirefu ya chini, kati ya kifundo au kisigino na vidole, usichanganye mbele na nyuma, ya mbele mifupi na bapa, ya nyuma mirefu na ina pembe nne. Kung'arisha tumia haidrojeni peroksaidi ya 3% ya duka la dawa, jiki inakula mfupa. Kama bado una mafuta loweka kwanza maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ubadilishe mpaka maji yasitoe mafuta.

Tichauru
Na bapa nilifungie wapi sasa kama halina kiungo?

DadaVet_AR
Toboa matundu mawili kwenye bapa, pitisha waya wa kufungia nondo, zungusha kwenye ubavu wa pili na wa tano. Acha nafasi kidogo bapa lisigusane na mbavu, na mahali pa waya weka lebo "misuli" ili vijana wasije kuandika kwenye mtihani kuwa pale kuna kiungo.