Kisima na shimo la choo ndani ya kiwanja cha 20 kwa 20: Bagamoyo tuendelee kuruhusu?

Wadau wa Bagamoyo, salaam. Wengi wetu tumenunua viwanja vya mita 20 kwa 20, tukachimba kisima kona moja na shimo la choo kona nyingine, tukahamia. Hoja yangu ni kwamba halmashauri isitoe kibali cha ujenzi kwa mpango huo kwenye maeneo yetu ya mchanga karibu na bahari. Najua inagusa mifuko ya watu, ndiyo maana naileta hapa tuijadili.

Tuanze na hesabu. Umbali unaoshauriwa kati ya choo na kisima ni mita 30 au zaidi. Pima kiwanja chako kona kwa kona: ni mita 28 na kidogo. Hata kisima ukikibana kwenye bikoni ya huku na choo kwenye bikoni ya kule, hujafika. Na hapo bado hatujahesabu shimo la jirani, ambalo huenda liko mita tano tu nyuma ya ukuta wako.

Tuje kwenye udongo. Mafundi wetu husifia mchanga: "Hapa shimo halijai, linanyonya." Jirani yangu hujivunia kwamba ana miaka 12 hajawahi kuita gari la kunyonya maji taka. Nilimwuliza, hayo maji yanakwenda wapi? Hakuwa na jibu, na kisima chake kiko hatua chache tu kutoka hapo. Septiki, yaani lile tenki linalopokea maji ya choo kwanza kabla ya shimo la kunyonya, hutuliza tope tu. Kazi ya kusafisha hufanywa na udongo mkavu wenye hewa chini ya shimo la kunyonya: maji yakipita taratibu, vijidudu hunaswa na kufa humo. Kwenye mchanga wa chenga kubwa maji hupita mbio, na penye mwamba wa matumbawe wenye nyufa hata hizo mita 30 hazikuhakikishii kitu. Ndiyo sababu kitako cha shimo kinatakiwa kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini.

Mimi kiwanja changu nilikinunua Januari. Tulichimba shimo la kupimia la futi 6, likatoka kavu kabisa, mchanga mweupe unaobomoka ukiugusa. Nikafurahi. Aprili, baada ya mvua za wiki mbili, nikaondoa mabati niliyolifunikia. Maji yalikuwa yamesimama futi 2 tu kutoka juu, na vyura wanaogelea. Pale pale ndipo fundi alipochora choo. Shimo ambalo kitako chake kimezama kwenye maji haya haya tunayochota kisimani halisafishi chochote.

Kuelekea bonde la Ruvu kwenye mfinyanzi shida ni nyingine: shimo hujaa upesi, udongo huvimba masika na kunywea kiangazi, msingi mwembamba unapasuka. Huko ushauri wangu ungekuwa tofauti.

Nimeshasikia majibu ya aina mbili. La kwanza: wazee wetu walikuwa na kisima na choo na waliishi. Ni kweli, lakini nyumba zilikuwa mbalimbali, na choo cha shimo hakikumiminiwa lita 6 au 9 kila mtu anapovuta maji. La pili lina uzito zaidi: bomba halijafika kila mtaa, mtu asipochimba atakunywa nini? Hapa sina ubishi. Ila wanaosema "tutachemsha" wajue kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi kemikali ya naitreti inayotoka kwenye kinyesi, na hiyo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Shimo la kupimia lichimbwe masika, kati ya Machi na Mei, afisa alione kabla ya kutia saini. Ni kazi ya kibarua wa nusu siku. Maji yakiwa juu, mwenye nyumba ajenge tenki lililozibwa kwa zege pande zote na chini, linyonywe na gari. Ni gharama, naam, hasa ile ya gari. Majirani wawili au wanne wanaweza kuchangia kisima kimoja, kikawekwa mbali na mashimo yote.

Na wenye bustani: mchanga huu haushiki maji wala mbolea, unataka samadi, mboji na matandazo kila msimu. Ndiyo maana migomba nyuma ya bafu inanawiri kuliko yote. Migomba sina neno nayo, ndizi iko juu na ina ganda. Mchicha na tembele juu ya shimo la kunyonya, hapana, jamani.

Wanaopinga, nipeni sababu zenu. Na aliyechimba Nianjema, Kisutu au Zinga mwezi wa tano, atuambie alikuta maji futi ya ngapi.