Kompyuta imevunjika, PIR (fomu ya uwanjani ya kuripoti mzigo wenye tatizo) sikujaza: dai naliandikia wapi?

Kutoka: Mwana Gungu
Mwakeye ndugu zangu. Nimerudi Jumapili kutoka Kigoma. Pale pa kubadili ndege niliambiwa begi la mkononi limezidi uzito, nikahamishia kompyuta na diski ya nje kwenye begi kubwa. Kufika nyumbani, kioo kimepasuka na diski haimo. Ndani yake mna sauti ya marehemu bibi akisimulia Ujiji ya utoto wake, dakika arobaini. Ofisi ya mizigo wanasema bila PIR hawapokei kitu. Je, dai naliandikia shirika la kwanza au la pili?

Kutoka: Dada Kibirizi
Pole sana mdogo wangu. Mimi dumu la mawese lilipasukia juu ya kompyuta, nikalia siku mbili. Mawese hayatoki kwenye kibodi! Siku hizi kila chenye betri nakibeba mkononi. Pawabanki ni marufuku kabisa begi la chini, na mkononi mwisho ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri).

Kutoka: Kaka Mwanga
Dada, usiwapotoshe watu. Kati ya Wh 100 na 160 unapita kwa ruhusa ya shirika. Pawabanki iliyoandikwa mAh 20,000 ni Wh 74 tu, hiyo haina neno. Na PIR ni karatasi yao. Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa usafiri wa ndege wa kimataifa, unataka dai la maandishi, siku 7 kwa kilichoharibika. Siku 21 ni za mzigo uliochelewa. Andika leo!

Kutoka: Dada Kibirizi
Sijampotosha mtu. Na ile mashine ya ukaguzi je, haifuti diski?

Kutoka: Kaka Mwanga
Haifuti. Filamu za kamera ndizo zinazoungua.

Kutoka: Mzee wa Ujiji
Wanangu, msigombane. Sisi tulisafiri ziwani na meli ya Liemba, kaseti za wazee tumezifunga kwenye kanga, kanga kifuani. Nimekumbuka harufu ya samaki migebuka pale Kibirizi, Kigoma, hadi nimeshindwa kula. Kijana, sauti hiyo ilirekodiwa kwa simu ya nani?

Kutoka: Mwana Gungu
Shikamoo mzee. Ya binamu yangu, yuko Gungu. Nampigia tangu asubuhi, hapatikani. Aliye Kigoma wiki hii amfikie tafadhali, amwambie asifute chochote.