Tupeane uzoefu: Neema ilikufikiaje, na ulipojaribu kumpelekea mwingine ilikuwaje?

Mama wa Rongai (mwanzilishi)
Bwana asifiwe wapendwa, na wasio wapendwa pia karibuni.

Jana jioni nilikuwa kwenye matatu ya Rongai, msongamano umetukamata pale Bomas. Mhubiri akasimama katikati ya viti akatangaza kwamba neema ni ya bure. Dakika kumi hivi. Kisha akapitisha kofia. Mama aliyekaa nami akaninong'oneza, "Ya bure ina nauli." Tulicheka mpaka Kware, lakini usiku nikajiuliza mimi mwenyewe nilielewa lini kwamba ni ya bure kweli. Maana Nairobi hii hata choo cha mjini tumezoea kulipia.

Waefeso 2:8 niliikariri shule ya Jumapili nikapewa peremende. Yaani neema, na nikalipwa kwa kuikariri! Kuielewa kulikuja baadaye sana, nilipojifungua bila ndoa na kuacha kwenda kanisani kwa aibu. Mama mmoja wa kikundi chetu alikuja na chupa ya uji wa wimbi, akanifulia nepi, akaondoka bila kutaja kanisa. Alhamisi iliyofuata akaja tena. Wiki ya tatu nikamuuliza mbona hanihubirii. Akasema, "Kwani nepi zimeisha?"

Leteni zenu. Ushuhuda wa magari na viza tuuweke kando leo. Si wivu. (Labda kidogo.)

Konda Mstaafu
Huyo wa kofia anaweza kuwa mimi, ingawa njia yangu ni Jogoo Road. Nilikuwa konda njia hiyohiyo, ndiyo maana madereva hunipandisha bila nauli. Kofia sitaitetea sana. Siku nyingine ndiyo unga wa watoto.

Ila kuna jamaa alinifundisha kazi. Nilikuwa nimepaza sauti asubuhi, akainua kichwa akasema, "Mchungaji, nimetoka zamu ya usiku. Mwombe Yesu aninong'oneze." Gari zima likaangua kicheko. Kiti cha kando yake kilikuwa wazi, nikakaa, nikanyamaza. Tulipokaribia Donholm akaamka, akaniomba namba ya simu. Mpaka leo hatujafungua Biblia. Tunazungumza habari za mdogo wake aliye rumande Industrial Area, na siku za kumwona huwa tunakwenda wote.

Niliuza Friji
Naandika na uchungu, mnisamehe. 2019 nilikuwa sina kazi. Kanisa nililokuwa nikisali, silitaji, tuliambiwa tupande mbegu ili milango ifunguke. Niliuza friji nikapanda elfu kumi na mbili. Kodi ilipofika nikaenda ofisini kwao kuomba wanikopeshe, nikaambiwa mbegu yangu ilikuwa na shaka ndani yake.

Tangu hapo mtu akisema neema, mimi nauliza bei. Kusali sijaacha. Nimeacha mlango ule.

Mama wa Rongai
Pole sana, ndugu yangu. Sitakurukia na mstari. Kaa nasi hapa usome tu.

Mtu wa Mkono
Mimi ni wa mjengo, naishi Mukuru. Nitaandika refu kwa sababu leo mvua imetufukuza saiti.

Kuna mfano katika Mathayo 20 ambao niliuchukia miaka mingi. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kuajiri vibarua, wanapatana dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja bado anaajiri. Jioni wa mwisho wanalipwa kwanza, dinari nzima, na wa alfajiri wanapewa dinari ileile. Wananung'unika. Nilikuwa upande wao kabisa. Mimi ni mtu wa alfajiri. Nikitoka nyumbani saa kumi na nusu kwa miguu, nikabeba karai la zege mpaka shingo iingie kifuani, halafu uniambie aliyekuja juzi juzi tuko sawa?

Na ilinitokea hivyohivyo. Tulikuwa tunamwaga slabu Kilimani, na slabu ukishaanza huiachi katikati. Mchanganyiko ukachelewa, saa tisa msimamizi akatoka getini akaongeza vijana wawili. Jioni wakalipwa mia tano kamili kama mimi. Nilirudi nyumbani nimenuna, sikula.

Jumapili ikasomwa hiyohiyo Mathayo, nikasema basi, hapa nimepangiwa. Msomaji alipofika "saa kumi na moja", mzee wetu wa kanisa akamsimamisha. Akauliza, "Saa kumi na moja mko wapi, nyinyi wa mjengo?" Tukasema tunaosha makarai, tunajiandaa kutoka. Akasema, "Ndiyo saa hiyohiyo. Hapa hatubadilishi saa." Ilinigonga. Kwetu Waswahili saa ya Biblia ndiyo saa yetu ya kila siku. Mtu anaajiriwa watu wakiosha vyombo!

Kisha akarudia swali la mwenye shamba: mbona mmesimama hapa mchana kutwa? Na jibu lao: hakuna aliyetuajiri. Hapo nikakumbuka geti. Ndugu zangu, kubeba zege kunachosha mgongo, lakini kusimama getini mpaka saa sita ukijua hutachaguliwa, ukipiga hesabu utamwambia nini mke wako, kunachosha mahali ambapo hata maji ya moto hayafiki. Wale vijana wawili walikuwa pale tangu alfajiri pamoja nami. Mimi nilichaguliwa kwa sababu msimamizi ananijua jina. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba na mimi niliitwa.

Kwa hiyo mahubiri yangu ni hayo tu, sina mengine. Asubuhi tukiwa getini huwa nawasimulia wageni huo mfano. Wananicheka: "Huyo mwajiri anajenga wapi, tuende?" Mmoja alikuja kanisani. Alisema ni kuangalia kama msimamizi wetu pia anasali huko.

Kiti Changu Kayole
Mtu wa Mkono umenifungua mdomo. Nilikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanne. Nilikula 38,000. Sikuwa na shida kubwa iliyonisukuma, msinihurumie. Nilikopakopa humo mpaka pakawa peupe, na mwezi ule zamu ya kupokea ilikuwa ya mama mboga aliyengojea karo.

Nyanya yangu alikuwa wa ndugu wa uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, ukafika kwetu Kenya miaka ya 1930. Wale hawakujua kutubu kimyakimya. Alitusimulia watu wakirudisha majembe na kuku mbele ya kijiji kizima, sisi watoto tukacheka. Basi nikakumbuka majembe. Nikasimama mkutanoni magoti yanagongana, nikasema yote.

Walikasirika na walikuwa na haki. Mama mboga hakunitazama. Mwenyekiti akanivua uhazina palepale, halafu akasema, "Utalipa elfu mbili kila mwezi. Na kiti chako kisiguswe na mtu." Kulipa nilikuwa nimejiandaa. Kiti ndicho kilichoniliza. Nimelipa miezi kumi na moja, bado elfu kumi na sita. Mama mboga ananisalimia sasa, siku moja moja.

Jumamosi Wodini
Langu fupi. Hutembelea wagonjwa Jumamosi. Siku ya kwanza nilikwenda na vijitabu ishirini na somo nimeliandaa. Mgonjwa wa kwanza, bibi wa miaka sabini na kitu, akaniambia, "Mwanangu, soma baadaye, nipake mafuta miguu, imepasuka." Nikapaka. Wa kitanda cha pili akasema na yeye. Nilirudi na vijitabu kumi na tisa, kimoja kiliwekwa chini ya kikombe.

Niliuza Friji
Mtu wa Mkono, nimeusoma huo mfano sasa hivi. Swali: wale wa alfajiri waliolalamika, kesho yake walirudi kazini?

Mtu wa Mkono
Haikuandikwa. Mimi nilirudi. Slabu ya pili ilikuwa Jumatatu.

Niliuza Friji
Hilo kanisa lenu la mzee wa saa ni la wapi?

Mtu wa Mkono
Njoo inboksi. Viti ni vya plastiki, na friji hatuna pia.